Ngamia Saba Niliowatia Kinywani mwa Bibi

Kosa ni langu, wasomaji wenzangu, na simtupii mtu. Nalisema mapema kabla hamjaanza kunihurumia, maana najijua: nikianza kueleza jambo hulipamba mpaka wanaonisikiliza wakasahau nani alimkosea nani. Aliyekosa ni mimi.

Nianze na upuuzi wenyewe. Niliamini, kwa moyo wangu wote na akili zangu zote hizi chache, kwamba chuo kikuu hupima kwa mizani kitabu cha mtu anayetafuta udaktari. Si udaktari wa sindano, ule wa kusoma. Kwamba siku ya mwisho maprofesa huvaa majoho, hukaa kwa mstari, mizani huletwa katikati, kitabu huwekwa juu yake, na kisipofika kilo mbili mwenyewe huambiwa arudi kwao akaongeze.

Cheka tu. Hata mimi nilikuwa mtu wa kucheka.

Aliyeniambia ni rafiki yangu wa masomo ya jioni. Mimi nilipata cheti cha kidato cha nne nikiwa na mke na watoto watatu. Nilisoma miaka mingi nimekaa kwenye dawati la watoto wa shule ya msingi, magoti yakigusa masikio, mpaka nikiona swali la hesabu leo mgongo huuma wenyewe. Huyu mwenzangu alikuwa mtu wa bara, mhudumu wa hoteli huko Diani. Tulimwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza pasi ya mwalimu ikapata moto.

Siku moja nilimkuta Ukunda nikamwambia kwa majivuno kwamba mdogo wangu wa kike anasomea udaktari. Injinia akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Buda, mwambie aandike mob," akasema. "Hizo vitabu zinapimwa. Binamu yangu anafagia huko chuo, ameona mizani na macho yake. Ukikosa kufika kilo mbili, unarudi home."

"Kilo mbili?"

"Mbili. Na si na jalada. Jalada wanatoa."

Hilo la jalada ndilo lililonimaliza. Uongo wa kawaida hauna jalada. Sikuuliza mtu wa pili.

Na pia mnielewe, mimi kazi yangu ilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la kununulia korosho hapo Msambweni. Mkulima alikuwa akija na gunia na maneno mengi, kwamba mwaka huu korosho zake ni nzito, ni safi, hazina mfano tangu dunia iumbwe. Nami namsikiliza kwa adabu, kisha natundika gunia. Mizani ikisema, mazungumzo yamekwisha. Kwa mtu kama mimi, ni ajabu gani maprofesa nao wakiwa na yao?

Sasa niwaeleze habari za mdogo wangu. Nitamwita Riziki, ingawa si jina lake. Mama yetu alifariki Riziki akiwa bado hajaota meno ya mbele, tukalelewa na dada ya bibi yetu mzaa mama. Huyo nitamwita Bibi Mishi. Hakujaliwa mtoto wa tumbo lake. Sisi ndio tuliokuwa watoto wake na wajukuu wake, vyote kwa pamoja. Alikuwa msuka mikeka. Kusuka alianza kabla hajaanza kufunga Ramadhani, na mikono yake ilikuwa haijui kukaa bure. Hata akila, mkono wa kushoto ulikuwa ukitafuta kitu cha kusokota.

Riziki alisoma mpaka vitabu vikamwogopa. Akaenda chuo kikuu bara, akarudi, akaenda tena, na safari hii akasema anasomea uzamivu wa mambo ya urithi wa jadi. Majirani wakaja kuuliza kama kuna kesi ya shamba. Akawaeleza kwa upole kwamba hapana, anaandika kuhusu mikeka ya wanawake wa pwani yetu, kuanzia Diani mpaka Vanga: majina ya nakshi, nani alimfundisha nani, nini kinasukwa kwa ajili ya nini. Na sura kubwa kuliko zote ilikuwa ya Bibi Mishi.

"Mikeka?" Bibi Mishi aliuliza. "Serikali imekusomesha miaka yote hiyo uje uniulize mimi mikeka?"

"Ndiyo, bibi."

"Ungeniuliza ungali mdogo, nauli ingesalia."

Tulicheka siku nzima. Laiti ningeiweka siku ile mfukoni.

Riziki alikaa nasi wiki mbili, akiandika kwenye daftari lake. Kisha likizo ikaisha, akawa hana budi kurudi bara kufundisha, maana masomo yake yalilipiwa kwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akaniachia mimi redio ya kunasia sauti, kanda sita, na karatasi ya maswali. Akaniambia neno moja, na neno hilo ninalisikia hadi leo nikinawa uso.

"Kaka, uliza swali, kisha unyamaze. Usimsaidie."

"Mimi?" nikasema. "Mimi nikinyamaza hata samaki hushangaa."

Akacheka, akapanda gari.

Nilianza kazi Jumapili, siku ambayo ghala lilifungwa. Bibi Mishi alikaa uani penye kivuli cha upenu wa makuti, miyaa ya kusukia imelowekwa kwenye sufuria, ukili, ule utepe unaosukwa, umejikunja mapajani mwake. Nikabonyeza kitufe.

"Bibi, ukili huu waitwaje?"

"Meno ya papa."

"Kwa nini?"

"Wafanana na meno ya papa."

"Ulifundishwa na nani?"

"Na mamangu."

"Naye alifundishwa na nani?"

"Na mamake."

"Na huyo mamake?"

"Mdzukulu wangu, mimi nitajuaje? Sikuwako."

Basi. Anasuka. Kuku wanapita. Nami nangoja, naye hasemi. Kanda inazunguka ikinasa kuku.

Tulikwenda hivyo Jumapili tano. Ya mwisho kulikuwa na swali moja tu, kuhusu mkeka wa maziko. Kwetu mzee anayejua kusuka huweza kujitengenezea mwenyewe mkeka atakaolaziwa kaburini, na Bibi Mishi alikuwa nao, umekunjwa, umefungwa kwa kamba, uko juu ya boriti chumbani kwake. Sote tuliujua. Ulikuwa umekamilika isipokuwa upindo mmoja aliouacha wazi, haujashonwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Nadhani tuliogopa.

Karatasi ya Riziki iliuliza. Mimi nikalisoma swali kama lilivyoandikwa.

Bibi Mishi aliuweka ukili chini. Hilo peke yake lilitosha kunifungua macho, lakini nilikuwa nikitazama saa. Alisema kwa muda mrefu. Alisema polepole, akinyamaza, akisema tena. Alieleza kwa nini aliuacha upindo ule, na nani aje aushone siku ya siku, na kwa uzi gani. Katikati alicheka peke yake. Akajifuta jicho kwa ncha ya leso. Kisha akauchukua ukili wake akaendelea.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka: kucheka, na leso. Maneno yenyewe sikuyashika. Nilijua yamo kwenye kanda.

Jumatatu nilikwenda ghalani na rimu ya karatasi. Naona haya kuandika haya, lakini ungamo lisilo na haya litakuwa hotuba. Nikaitundika rimu kwenye mizani ya korosho. Nikatoa karatasi kidogokidogo mpaka sindano ikasimama kwenye kilo mbili. Zilikuwa karatasi kama mia nne. Kisha nikakaa na ile redio, nikazisikiliza kanda zote, nikajaribu kukisia zitajaza kurasa ngapi. Maneno machache, kimya kingi, kuku tele. Nikaona wazi, kama navyoona mkono wangu, Riziki amesimama mbele ya majoho yale na sindano imelala chini.

Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni. Nikasema sitakubali arudishwe kwa sababu bibi yetu si mtu wa maneno.

Basi nikatunga. Kutunga sikufundishwa, nilizaliwa nako. Nikatunga kwamba nakshi ya meno ya papa ililetwa na binti wa sultani aliyetoka Uajemi, akashuka hapa Msambweni na ngamia saba, kila ngamia kabeba rangi yake. Kwamba papa alimla mchumba wake, naye akasuka kwa majonzi miaka saba. Ngamia niliwatoa ufukweni Diani, wale wa kupandisha watalii. Niliwaona kila nilipokwenda kumtembelea Injinia na niliwapenda.

Jumapili iliyofuata nikamweleza Bibi Mishi aseme hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ngamia?" akasema.

"Saba, bibi."

"Hapa? Mimi hapa sijatoka tangu kuzaliwa, sijaona ngamia. Hata kinyesi chake."

"Ni zamani hizo."

"Zamani za nani? Mamangu angeniambia. Ngamia saba wapite mlangoni, mamangu asiniambie?"

Nikacheka, naye hakucheka. Akasema, "Mwanangu, nimesema uongo mara nyingi maishani. Nimewaambia watu nimeshiba nami nina njaa, ili chakula kiwafikie nyinyi. Lakini juu ya ukili sijasema uongo hata siku moja."

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikamweleza habari za mizani. Nikamwambia maneno yake ni mepesi, na Riziki atarudishwa.

Bibi Mishi akauliza jambo moja tu.

"Hayo ya ngamia yatamfaa Riziki?"

"Yatamfaa, bibi. Bila hayo watamrudisha."

"Haya. Washa."

Akasema yote. Alisema vizuri kuliko nilivyomfundisha, kwa sababu alikuwa anampenda. Akamlilia yule mchumba mpaka nami nikasikitika. Tulijaza kanda zote sita, pande zote mbili, kwa Jumapili nne. Kanda nyingine sikuwa nazo. Nilizitumia zilezile.

Mmeelewa nilichofanya? Nilinasa juu ya maneno yake ya kwanza. Meno ya papa yanayofanana na meno ya papa, yakafutika. "Sikuwako," ikafutika. Upindo, na kicheko cha katikati, na jina la wa kuushona, vyote nikavifunika kwa ngamia.

Tulipomaliza kanda ya sita akaniuliza, akichana miyaa, bila kuniangalia: "Yale ya kwanza umeyaweka?"

"Nimeyaweka, bibi."

"Yale ya mkeka wangu?"

"Nimeyaweka yote."

"Vizuri. Maana sitayasema tena."

Hilo ndilo linaloniamsha. Ngamia ni ujinga, na ujinga mtu huzaliwa nao. Lakini "nimeyaweka" ni uongo niliouchagua mwenyewe, mchana, nikimtazama.

Nilizituma kanda bara kwa kondakta wa basi niliyemwamini. Baada ya mwezi barua ikaja. Riziki alishukuru, akawasalimu watu wote kwa majina, kisha akaandika: "Kaka, huyu kwenye kanda ni bibi kweli? Likizo nitakuja nizungumze naye mwenyewe." Mimi nikamsomea mke wangu barua ile kwa furaha. Nikamwambia, unaona, amestaajabu jinsi bibi anavyojua mambo.

Likizo haikufika. Zilikuja mvua kubwa zile zilizokata barabara huku kusini, na Bibi Mishi akashikwa na kifua. Tulimlaza hospitalini Msambweni, wakamhudumia kwa kila walichoweza. Siku ya nne, alfajiri, akatutoka. Tukapiga simu bara. Riziki akasema anakuja, lakini sisi maiti hatumlazi, huzikwa siku hiyohiyo, na barabara ilikuwa mto.

Wanawake walimwosha. Mmoja akapanda kinu akaushusha ule mkeka kutoka kwenye boriti. Wakaukunjua sakafuni. Upindo mmoja wazi, ukili umening'inia.

Jirani yake wa miaka yote, Mama Fatuma, akatoka nje akaniita.

"Baba, wewe ndiye uliyekaa naye na ile redio. Alisema upindo huu nani aushone?"

Wanawake wote mlangoni wakanitazama. Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nijue kusema. Nikatafuta kichwani, nikakuta kucheka na leso. Nikatafuta tena, nikakuta binti wa sultani.

"Sikumbuki," nikasema.

"Hukumbuki? Si ulimnasa?"

"Kanda ziko bara."

Wakatazamana. Wengine wakasema uachwe wazi, huenda ndivyo alivyotaka. Wengine wakasema haiwezekani mkeka ushuke kaburini unafumuka. Mwisho Mama Fatuma akaushona kwa uzi mweusi wa cherehani, harakaharaka, jeneza likingojewa. Huenda ndiye aliyetajwa. Huenda ndiye ambaye bibi hakumtaka kabisa. Sisi tuliomzika hatujui, na hakuna mtu atakayejua.

Nilishuka kaburini nami, nikaupokea mkeka ule kwa mikono yangu. Nikauona ule uzi mweusi. Hauendi na kitu kingine chochote pale.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi, na kwa mara ya kwanza sitaongeza kitu. Riziki alimweleza msimamizi wake ukweli wote, kwamba kanda si za kuaminika na aliyezisema hayupo tena. Angeweza kunyamaza. Nilimsihi anyamaze. Alikataa. Ile sura ikatolewa, na bila ile sura kazi ikawa haisimami. Akaambiwa anaweza kuanza upya na jambo jingine, lakini muda wa ufadhili wake ulikuwa umekwisha. Sasa anafundisha shule ya sekondari upande wa Taru, huko kwenye vumbi, anafundisha vizuri. Akija nyumbani huniamkia shikamoo kaka, huuliza hali ya watoto, huwaletea peremende. Hajaninyima salamu hata siku moja. Lakini kule kunicheka alikokuwa akinicheka hakujarudi.

Kazi ya mizani niliiacha. Nilisema ni mgongo.

Nawe unayesoma haya, ukiwa na mzee nyumbani, nenda ukamuulize. Akijibu neno moja, chukua hilo neno moja. Akisema hajui, andika kwamba hajui, usimwone kama amekuangusha. Usimnyooshee maneno, usimpambie, usimpunguzie. Na akikuuliza kama umeyaweka, hakikisha umeyaweka. Na ukisikia habari ya ajabu juu ya mambo usiyoyajua, muulize mtu wa pili, hata ikiwa ile ya kwanza ina jalada.

Imebaki kuwaambia siku Riziki alipofika, kesho yake ya maziko. Aliingia uani na matope mpaka magotini. Alilia na wanawake, akakaa, akanywa maji. Kisha akanifuata pale kwenye upenu, mahali pa bibi, sufuria ya miyaa ingali pale, maji yamegeuka rangi. Akatoa daftari lake kwenye mkoba.

"Kaka, pole."

"Pole nawe, mama."

"Nina swali, samahani kuliuliza leo. Msimamizi wangu amenituma nalo. Kwenye daftari, bibi aliniambia mimi mwenyewe hajui meno ya papa ilianza wapi. Kwenye kanda anajua mpaka idadi ya ngamia. Kulikuwa na kanda nyingine kabla ya hizi?"

"Zilikuwa hizihizi."

Nikaona linamwingia, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye gunia.

"Na swali la mkeka wake? Alijibu?"

"Alijibu."

"Alisema nini?"

Nikamwambia nimesahau. Nikamwambia nilinasa juu yake. Nikamwambia habari zote, kuanzia Injinia, majoho, sindano, kilo mbili bila jalada, jinsi nilivyotundika rimu ghalani. Nilidhani huenda atacheka. Nilitaka hata anitukane. Alinisikiliza kama nilivyotakiwa nimsikilize bibi, bila kunisaidia, mpaka nikaishiwa.

Kisha akalifunga daftari, akanishika mkono.

"Hawakipimi, kaka," akasema. "Wanakisoma tu."